Je, Wajua Kwa Nini Kijiji cha Heptonstall Kilijengwa Mlimani, Bonde Likaachwa Tupu?

Ukishuka kwenye treni katika mji mdogo wa Hebden Bridge, kaskazini mwa Uingereza, utaona kila kitu kimebanana bondeni: mto, mfereji, reli, barabara kuu, maduka, na majengo marefu ya mawe yaliyokuwa viwanda. Inua macho sasa. Juu ya mteremko, kule miti inakoishia, kuna kijiji kinaitwa Heptonstall. Njia ya zamani ya kukifikia ni uchochoro uliotandikwa mawe, jina lake Buttress, na ni mkali mno. Hata mwenye mapafu mazuri husimama njiani kuvuta pumzi.

Ukiwa pale umeshika kiuno, swali linakujia lenyewe. Watu wa kale walikuwa na mto chini. Walikuwa na bonde linalowakinga na upepo. Kwa nini basi walikwea hadi takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari, wakajenga kanisa, soko la nguo na shule juu huko, na chini wakaacha daraja tu?

Wengi wetu tumezoea kuona mji ukianza penye maji na njia tambarare, kisha wachache waliokosa ardhi wakisogea milimani. Katika pembe hii ya Yorkshire mambo yalikwenda kinyume. Mlima ulitangulia kwa mamia ya miaka. Mji wa bondeni ndio mgeni.

Tuanze na bonde lenyewe. Bonde la mto Calder limepita katikati ya milima ya Pennines, ile inayoitwa uti wa mgongo wa Uingereza. Lilichimbwa na maji ya barafu iliyoyeyuka zama za kale, maji yenye nguvu yaliyokata mwamba na kuacha kingo zilizosimama na sakafu nyembamba. Sakafu hiyo ilikuwa kinamasi, na pale pasipokuwa kinamasi palikuwa msitu mzito. Mvua ikinyesha kwenye nyika za juu, maji hayana pa kutulia. Hushuka yote kwa pamoja na mto ukafura kwa saa chache. Tabia hiyo haujaiacha. Tarehe 26 Desemba 2015, siku moja baada ya Krismasi, Calder uliruka kingo zake ukaingia madukani na majumbani mwa watu wa Hebden Bridge. Mkulima wa karne ya 13 alimjua mto huyu vizuri, na alikaa naye mbali.

Juu ya bonde, kabla hujafika kwenye nyika tupu, kuna kitu kama kidato cha ngazi. Miamba ya hapa imepangwa tabaka juu ya tabaka: jiwe gumu la mchanga, kisha mwamba laini wa udongo, kisha jiwe gumu tena. Laini huliwa upesi na mvua na baridi, gumu hubaki limetokeza, na ubavu wa mlima hupata bapa pana katikati. Heptonstall imekaa juu ya bapa hilo. Jua hufika huko wakati bonde bado liko gizani, jambo kubwa katika nchi ambayo siku za Desemba ni fupi na jua hutambaa chini chini. Chemchemi zipo pia, kwa sababu maji ya mvua hupenya jiwe la mchanga mpaka yagonge tabaka lisilopitisha maji, kisha hutokea ubavuni yakiwa safi na laini, hayana chokaa. Shika neno hilo la maji laini, litatufaa mbele.

Njia nazo zilipita juu. Wafanyabiashara waliosafirisha sufu, chumvi na nguo kati ya miji ya Halifax na Burnley hawakutumia mikokoteni, maana magurudumu yangezama. Walitumia farasi wadogo wenye mizigo ubavuni, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine juu ya mstari mwembamba wa mawe bapa. Mawe hayo bado yapo sehemu nyingi, yamelika katikati kwa kwato za karne kadhaa. Msafara ulishuka bondeni kwa sababu moja tu, kuvuka maji, kisha ukapanda tena upande wa pili. Daraja la mawe lililopo hadi leo chini ya Buttress lilijengwa mnamo 1510 mahali pa daraja la mbao, na jina la mji wa Hebden Bridge limetokana na daraja hilo. Kwa maneno mengine, mji uliopo leo bondeni ulizaliwa na kivuko cha watu wa mlimani.

Kupata pa kukaa ni jambo moja, kupata cha kula ni jingine. Udongo wa Heptonstall ni mchache na mchachu, mvua ni nyingi, ngano haitaki. Kilichokubali ni oti, nafaka inayovumilia baridi, pamoja na kondoo na ng'ombe wachache. Familia yenye kishamba cha namna hiyo ingekufa njaa kama isingekuwa na kazi ya pili, na kazi hiyo ilikuwa kufuma nguo za sufu.

Ushahidi bora ninaoujua kuhusu maisha hayo umo katika sheria ya Bunge. Miaka michache kabla ya 1555 serikali ilikuwa imebana wachuuzi wa sufu, ikitaka inunuliwe na wafanyabiashara wakubwa tu. Katika parokia ya Halifax, ambayo Heptonstall ilikuwa sehemu yake, amri hiyo ilikuwa sawa na kuwanyang'anya maskini sufuria jikoni. Mwaka 1555 Bunge likapitisha sheria ya kuiokoa parokia hiyo peke yake. Sheria inaeleza kwamba nchi ile ni nyika isiyozaa nafaka wala majani mazuri, na kwamba watu wake wanaishi kwa kutengeneza nguo. Wengi hawawezi kumiliki hata farasi mmoja, kwa hiyo hununua sufu kidogo kidogo mjini Halifax na kuibeba wenyewe, vichwani na migongoni, maili tatu, nne, tano hadi sita. Inaongeza kwamba ndani ya miaka 40 kaya zaidi ya 500 zilikuwa zimeongezeka.

Nikiisoma sentensi ile ya mizigo vichwani, namwona kabisa mama wa Heptonstall akipanda mlima ule na furushi la sufu kwenye mvua. Wabunge wa London waliandika neno kavu la kisheria, na ndani yake wakahifadhi picha ya watu ambao hakuna aliyewachora.

Sufu ikifika nyumbani, kila mkono ulikuwa na kazi. Watoto waliichambua na kuichana, wanawake wakaisokota kuwa uzi, na ilihitaji wasokotaji kadhaa kumlisha mfumaji mmoja. Mtu mzima alikaa kwenye kitanda cha mfumi ghorofani, akipitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, ndani ya mtande, yaani nyuzi zilizotandwa, tangu kukikucha hadi macho yakatae. Ndiyo sababu nyumba za zamani za kijiji hiki zina madirisha yasiyo ya kawaida: safu ndefu ya vijidirisha vilivyotenganishwa kwa nguzo nyembamba za mawe, vimeenea karibu ukuta mzima wa juu. Yalitengenezwa ili mfumaji auone uzi wake. Ukipita leo barabarani unaweza kukisia kwa macho ni nyumba gani ilikuwa na kazi nyingi, kwa kuhesabu tu vioo.

Kitambaa kikitoka kwenye kitanda kilikuwa bado na mafuta ya kondoo. Kiliroweshwa kwa mkojo uliokusanywa majumbani na kuachwa ukachacha, kwa kuwa unayeyusha mafuta vizuri, kisha kikasuuzwa kwa yale maji laini ya chemchemi, maana maji ya chokaa huifanya sufu kuwa ngumu. Halafu kilipelekwa bondeni kwenye kinu, ambako gurudumu la maji liliinua nyundo kubwa za mbao na kukitwanga mpaka nyuzi zikashikana. Mwisho kikarudishwa juu, kikanyooshwa kwenye fremu zenye ndoana na kuanikwa upepo wa mlima. Kitambaa hicho, kizito na chembamba kwa upana, kilijulikana kama kersey. Kinu cha bondeni tutakirudia.

Kati ya 1545 na 1558 Heptonstall ilipata jumba lake la nguo, mahali pa wafumaji kuleta mizigo yao na kukutana na wanunuzi. Jengo bado limesimama, sasa ni makazi ya watu. Lilikuwa dogo, na baadaye biashara ilihamia Halifax, ambako tarehe 1 Januari 1779 lilifunguliwa jumba la Piece Hall lenye vyumba 315 kuzunguka uwanja mmoja mkubwa. Mfumaji wa mlimani aliteremka na kitambaa chake kimoja, akauza, akanunua sufu, akarudi.

Ukiingia katikati ya kijiji utakuta jambo ambalo ni nadra sana Uingereza: makanisa mawili ndani ya makaburi mamoja. Moja ni gofu lisilo na paa, jingine ni zima. Gofu ni kanisa la Mtakatifu Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury mwaka 1170. Lilianzishwa mnamo 1260. Sababu yake ni ya miguu kuliko ya dini: parokia ya Halifax ilikuwa kubwa kupita kiasi, na kubeba maiti na watoto wa kubatizwa kuvuka milima hadi Halifax wakati wa theluji ilikuwa adhabu. Kanisa likakua kadiri kijiji kilivyokua, likaongezewa sehemu hapa na pale bila mpango mmoja, mpaka likawa na umbo lake lenyewe.

Mwaka 1847 dhoruba kali iliuangusha upande wa magharibi wa mnara. Waumini walilitengeneza wakasali humo kwa muda, lakini wakaamua kujenga jipya hatua chache tu kutoka hapo. Ujenzi ulianza 1850 na kanisa jipya likafunguliwa 1854. La zamani hawakulibomoa. Likaachwa, paa likaenda, nyasi zikaota kwenye madirisha. Leo unaingia ndani ya kuta zake huku mbingu ikiwa dari, na chini ya miguu yako kuna mawe ya makaburi yaliyolazwa bapa, yamebanana kama vigae vya sakafu. Mengi yameandikwa zaidi ya mara moja, jina juu ya jina, familia juu ya familia, kwa kuwa ardhi ya kuzikia kwenye bapa la mlima ilikuwa haba kama ardhi ya kulima.

Mwendo mfupi kuteremka kutoka hapo kuna jengo la tatu la ibada, nami nalipenda kuliko yote mawili. Ni kanisa la Wamethodisti lenye pembe nane, lililoanza kujengwa 1764. John Wesley, mwanzilishi wa vuguvugu hilo, alikuwa amependezwa na kanisa la pembe nane aliloliona Norwich, akawashauri wafuasi wake wajenge kwa umbo hilo. Sababu ni ya kiufundi: katika ukumbi wa namna hiyo kila msikilizaji yuko karibu na mhubiri, na sauti hufika kote bila kupiga kelele. Mafundi wa Heptonstall hawakuwa wamewahi kujenga paa la pembe nane, kwa hiyo lilitengenezwa Rotherham, likavunjwa vipande, likapandishwa mlimani mgongoni mwa farasi. Mwaka 1802 watu walikuwa wamezidi nafasi, wakarefusha pande mbili, ndiyo maana sasa pembe nane hizo hazilingani. Ni miongoni mwa makanisa ya Kimethodisti yaliyotumika mfululizo kwa muda mrefu zaidi duniani. Msomaji wa Mombasa ana undugu nalo wa mbali: mwaka 1862, karibu miaka mia moja baada ya jiwe lile la msingi, wamisionari wa Kimethodisti waliweka kituo chao Ribe, bara kidogo kutoka Mombasa.

Urefu wa Heptonstall ulikuwa ngome pia. Wakati wa vita kati ya mfalme na Bunge, kikosi cha Bunge kilijichimbia humu. Novemba 1643 askari wa mfalme walitoka Halifax wakaja kukivamia, mvua ikinyesha na mto umefura. Walipoanza kupanda Buttress, waliokuwa juu wakawaporomoshea mawe makubwa. Wavamizi walirudi nyuma, baadhi yao wakafia majini. Miezi miwili baadaye walirejea kwa nguvu kubwa zaidi, wakakuta watetezi wameondoka, wakachoma nyumba.

Katika makaburi yale yale ya kanisa la zamani amelala David Hartley, ambaye watu wake walimwita Mfalme David. Alikuwa kiongozi wa genge la wachezea sarafu la Cragg Vale, bonde la jirani, miaka ya 1760. Namna walivyofanya kazi inastahili kuelezwa, kwa maana inaonyesha jinsi mlima ulivyoficha watu. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na uhaba wa sarafu, na gini za dhahabu zilizunguka pamoja na sarafu za dhahabu za Ureno. Genge lilichukua gini nzima, likakwangua ukingo wake kidogo, likauchonga upya kwa tupa ili usionekane umeguswa, kisha likairudisha sokoni kwa thamani ile ile. Vumbi na vipande vya dhahabu viliyeyushwa na kupigwa muhuri kuwa sarafu mpya za Ureno. Kazi yote ilihitaji mkasi, tupa, moto, nyundo na nyumba iliyo mbali na macho. Mfumaji aliyekwama kwa bei mbaya ya nguo alikuwa na sababu ya kumkopesha Hartley gini yake kwa siku chache na kuipokea na faida.

Ofisa wa ushuru wa Halifax, William Dighton, alianza kuwafuatilia, na Hartley akakamatwa. Novemba 1769 Dighton alipigwa risasi usiku karibu na nyumbani kwake. Hapo serikali ikaamka. Hartley alinyongwa York mwezi Aprili 1770 na maiti yake ikaletwa Heptonstall. Wageni huacha sarafu juu ya jiwe lake. Mimi ningependa na Dighton apate jiwe linalotembelewa kama hilo.

Basi mlima ulishindwa lini? Jibu limo kwenye kile kinu cha kutwangia kitambaa. Kwa karne nyingi hatua moja tu ya kazi ya nguo ilihitaji nguvu ya mto. Mwishoni mwa karne ya 18 zilipokuja mashine za kusokota, hatua ya pili ikahitaji mto, kisha ya tatu. Mashine haikuweza kupanda mlimani kuyafuata makazi ya watu, kwa hiyo watu wakaanza kuteremka kuifuata. Viwanda vya kwanza vilijengwa kwenye mabonde membamba ya pembeni yenye maji ya kasi. Kimoja kati ya hivyo, Gibson Mill, kilichojengwa mnamo 1800, bado kipo msituni Hardcastle Crags na unaweza kukitembelea.

Kisha usafiri ukabadilika. Mfereji wa Rochdale ulifunguliwa kipande cha hapa mwaka 1798 na kukamilika hadi Manchester 1804. Jahazi moja lilibeba makaa ya mawe ambayo yangehitaji msafara mrefu wa farasi. Makaa yakaleta injini za mvuke, na mwanzoni mwa miaka ya 1840 reli ya Manchester na Leeds ikapita. Mfereji na reli haviwezi kupanda mteremko kama farasi. Vinataka sakafu, na sakafu ilikuwa bondeni, ile ile iliyokimbiwa na mababu. Ikaanza kukaushwa na kujengwa. Mfumaji wa mkono aliyebaki ghorofani mwake aliona mshahara ukipungua mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto wake wakashuka Buttress asubuhi kwenda kiwandani na kuipanda tena usiku.

Hebden Bridge ilijaa haraka, ikawa maarufu kwa nguo nzito za pamba na suruali. Nafasi ilipokwisha, mafundi walianza kujenga kwa kubebanisha: nyumba moja juu ya nyingine kwenye mteremko, familia ya chini ikiingilia mtaa wa chini na ya juu ikiingilia mtaa wa juu, kila moja ikiwa na mlango wake wa mbele. Safu hizo bado zinakaliwa.

Heptonstall ikabaki kama ilivyokuwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubomoa nyumba ya mfumaji ili ajenge kiwanda mahali pasipo na maji wala reli. Umaskini wa karne ya 19 ndio uliotuhifadhia madirisha yale, jumba la nguo, na shule iliyoanzishwa 1642 ambayo baadaye iligeuzwa benki, kisha makumbusho. Mawe yake ni meusi, lakini hayakuzaliwa hivyo. Jiwe la hapa likichimbwa lina rangi ya asali iliyofifia. Weusi ni masizi ya mabomba ya moshi ya bondeni, yaliyopanda na upepo miaka mia moja na zaidi.

Wageni wengi wa siku hizi hawaji kwa ajili ya nguo. Wanavuka kichochoro kilicho nyuma ya kanisa jipya, wanaingia kwenye makaburi ya upanuzi na kutafuta jiwe la Sylvia Plath, mshairi wa Marekani aliyefariki London Februari 1963. Alizikwa hapa kwa kuwa mume wake, mshairi Ted Hughes, alizaliwa Mytholmroyd, bonde lile lile, na wazazi wake walikuwa wakiishi Heptonstall. Jina la Hughes kwenye jiwe hilo limewahi kukwanguliwa na kuondolewa zaidi ya mara moja na watu waliomlaumu kwa kifo cha Plath, na kila mara likarudishwa. Juu ya udongo utakuta kalamu, za wino na za risasi, nyingine mpya, nyingine zimeshaharibiwa na mvua.

Na ukifika Ijumaa Kuu, baki kijijini. Kwenye kiwanja kinachoitwa cha Wafumaji, vijana waliovaa mavazi ya rangi huigiza mchezo wa kale wa Mtakatifu George: wanapigana kwa panga, mmoja anaanguka amekufa, daktari anakuja na chupa yake, na maiti inainuka.